Nimebakiza miezi minane nistaafu: nyumba yangu nimkabidhi nani?

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, nina watoto watatu na wote wanajitegemea. Nimebakiza miezi minane nitimize miaka 60. Tangu niajiriwe nimeishi katika nyumba za shule, vituo vinne, nyumba nne, na kila nilipohama niling'oa mapazia yangu nikaacha misumari ukutani. Hii ninayoishi sasa nitatakiwa kuirudisha nikistaafu, na mpaka leo sina pa kupeleka vitanda vyangu.

Kiwanja ninacho. Marehemu mume wangu alikinunua mwaka 2009, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mita 20 kwa 30. Ukisimama katikati unaiona milima ya Uluguru yote mbele yako. Hati ilitoka kwa jina lake. Udongo wake ni mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka kidole kinaingia, na masika unanata kwenye viatu hadi unaona heri uvivue. Tulipanga kujenga pamoja. Alifariki miaka sita iliyopita kabla hatujaweka hata jiwe.

Nikipata mkupuo wa kiinua mgongo, nikajumlisha na akiba yangu ya SACCOS, nakadiria nitakuwa na shilingi milioni 60. Hizo hazitarudi mara ya pili. Na kuna watu watatu wananivuta, kila mmoja upande wake.

Wa kwanza ni kijana niliyemlea. Ni mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alikuja kwangu akiwa darasa la tatu, baba yake amefariki, mama yake ameolewa kwingine. Ananiita mama mdogo, lakini homa zake nilikesha nazo mimi. Shule haikumwendea vizuri, akawa saidia fundi, akajifunza uashi, na leo ana kikosi chake cha watu sita. Mume wangu alipofariki, kaburi alilijengea yeye kwa mikono yake na hakutaka hata nauli. Tangu siku hiyo ananiambia, "Mama mdogo, nyumba yako nitaijenga mimi. Wewe nunua vifaa tu." Amenikadiria milioni 36 hadi kupaua, vyumba vinne. Makadirio yenyewe aliyaandika kwa penseli kwenye kipande cha mfuko wa saruji, ninacho kabatini.

Hofu yangu inatokana na hili. Miaka mitatu iliyopita alimjengea mwalimu mwenzangu ambaye kiwanja chake kinapakana na changu. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Chumba cha mbele kina ufa ulioanzia pembe ya juu ya dirisha, unapanda mshazari hadi karibu na dari. Mwenzangu alitoa sarafu ya shilingi mia akaipachika kwenye ufa, ikasimama. Hakusema neno, nami sikusema neno. Kijana sijamwambia.

Wa pili ni binti yangu wa kwanza, mhasibu, yuko Dodoma. Anasema nisithubutu kuanza bila mbunifu majengo. Alinikutanisha na kijana mmoja mwenye ofisi nzuri, akanionyesha nyumba kwenye kompyuta ikizunguka pande zote, na maua yameshapandwa mlangoni. Ilinivutia kweli. Anataka milioni mbili na nusu kwa michoro, na laki mbili kila atakapokuja kukagua. Kijana wangu aliposikia akasema, "Mama mdogo, hiyo hela ni nondo za renta yote na chenji inabaki. Ramani ninayo kichwani."

Wa tatu ni mwanangu wa kiume, yuko Dar es Salaam. Yeye ameniletea kampuni ya nyumba za paneli. Kuta zinatengenezwa kiwandani, zinaletwa kwa lori, zinaunganishwa kiwanjani, na baada ya siku 60 unakabidhiwa funguo. Vyumba vitatu, milioni 52, milango, madirisha, umeme na rangi vikiwa ndani. Wanataka asilimia 70 kabla ya kuanza. Alinipeleka kuona nyumba yao ya mfano. Nikabisha ukuta kwa vidole, ukalia kama mlango wa kabati. Mwanangu akasema ndivyo wanavyojenga Ulaya. Sikumjibu.

Wakwe zangu nao habari zimewafikia. Wifi yangu alinipigia simu usiku akaniuliza, "Yaani nyumba ya kaka yetu unawapelekea wageni, na mtoto wetu ni fundi?" Siku ile sikulala.

Kijana sitaki kumvunja moyo. Watoto niliowazaa sitaki waone nimewadharau. Na ninaogopa kufikisha miaka 65 nikiwa ndani ya boma, nimefunika madirisha kwa maturubai, na hela imekwisha. Naomba unisaidie kufikiri.

Mwalimu, Morogoro

*

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye ile sarafu ya mia nasimama. Walimu wawili, watu wazima, mnaitazama imesimama kwenye ufa, na hakuna anayefungua mdomo kwa sababu aliyejenga ukuta ule ni mtoto wako. Nadhani uzito wa barua uko pale, kuliko kwenye milioni 36 na milioni 52.

Nikikuelewa vizuri, una fedha ya mara moja, udongo mgumu, miezi minane, na watu watatu wanaokupenda ambao kila mmoja amekuletea njia yake. Umezipokea njia hizo kama swali la mtihani lenye a, b na c, ukitia alama moja umezikata mbili. Naomba tuangalie kama kweli ziko hivyo. Mbunifu anachora na kukagua. Fundi anajenga. Kampuni ya paneli inauza kuta na paa, lakini kuta zile zitasimama juu ya msingi, na msingi lazima kuna mtu auchimbe na kuumwagia zege. Hizi ni kazi tofauti, na katika nyumba moja zinaweza kukutana mbili au hata zote tatu. Kinachokuumiza ni kwamba kila kazi imekuja na sura ya mtoto wako.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo umelitaja kwa sentensi moja ukalipita. Hati ilitoka kwa jina la marehemu. Je, mirathi ilifunguliwa? Utakapoomba kibali cha ujenzi halmashauri watataka uthibitisho wa umiliki, na jina watakalolisoma ni la mtu aliyetangulia mbele ya haki. Bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, utakuwa unazika kiinua mgongo chako kwenye ardhi ambayo kisheria bado haijagawiwa. Ni mahakama ipi inategemea ndoa yenu, dini na mila mliyofuata, na makarani wa mahakama ya karibu watakuelekeza. Huanza na kikao cha familia na muhtasari wake. Safari hiyo inaweza kula miezi, ndiyo maana naitaja sasa, ungali na mshahara na ungali kwenye nyumba ya shule.

Na hapa nadhani kuna mlango wa kuzungumza na wifi yako. Alisema "nyumba ya kaka yetu." Maneno yale yalikuumiza, na ni haki yako kuumia, maana fedha ni ya chaki zako. Lakini inawezekana chini ya maneno yale kuna dada anayeogopa kwamba jengo likikamilika, mlango wa kaka yake utakuwa umefungwa kwao. Kikao cha mirathi kinampa yeye nafasi ya kusikilizwa, na kinakupa wewe karatasi inayosema kipi ni cha nani. Ungependa hayo yasemwe mezani kabla ya msingi, au mlangoni baada ya kuhamia?

Sasa nije kwenye bei. Umeziweka tatu kwenye mzani mmoja, na naona hazipimi kitu kimoja. Milioni 36 za kijana zinaishia kwenye bati. Hazina lipu, milango, madirisha, dari, sakafu, umeme, mabomba wala shimo la choo, na mafundi wengi watakwambia umaliziaji unaweza kula fedha sawa na boma lenyewe. Milioni 52 za kampuni zinaishia kwenye funguo, lakini ni vyumba vitatu, na kwenye barua yako sijaona kama msingi umo, kama usafiri wa karibu kilomita 200 kutoka Dar umo, kama maji na shimo la maji taka vimo. Milioni mbili na nusu za mbunifu hazijengi hata tofali moja. Kwa hiyo swali la ipi nafuu haliwezi kujibiwa leo, na mtu yeyote anayekujibu harakaharaka, hata akiwa mwanao, anakisia. Mkadiriaji majenzi akishika mchoro mmoja anaweza kukuandalia orodha ya vifaa na kazi, kuanzia kusafisha kiwanja hadi kitasa cha mlango wa mwisho. Ukiwa na orodha hiyo unaweza kumwuliza kila mmoja bei ya nyumba ileile.

Turudi kwenye ufa. Sote tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe bila shaka umeiandika ubaoni mara nyingi. Ila ufa wa namna uliyoeleza, unaoanza pembe ya dirisha na kupanda mshazari, mara nyingi hauponi kwa kuzibwa, maana chanzo chake kiko chini. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba unapolowa na kunywea unapokauka. Masika unaunyanyua msingi, kiangazi unauachia, na hauunyanyui sawasawa: upande unaomwagikiwa na maji ya paa hupanda zaidi. Ukuta wa tofali haujui kupinda. Unavunjika, na unavunjikia pale palipotobolewa, yaani pembe za madirisha na milango. Inawezekana pia renta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha, haikuzunguka nyumba nzima, au tofali zilipunjwa saruji. Sijauona, siwezi kukata shauri. Lakini kama ni udongo, basi fundi hodari kuliko wote Morogoro angeweka msingi uleule na ungepasuka vilevile, kwa sababu hakuna aliyemwambia achimbe hadi wapi.

Umeusoma ufa ule kama alama aliyopata kijana. Nakuomba uusome pia kama taarifa kuhusu kiwanja chako, ambacho umesema kinapakana na kile.

Hilo linagusa na paneli. Watu hudhani nyumba nyepesi haitasumbuliwa na udongo wa namna hii. Kumbe jengo jepesi ndilo udongo unaovimba hulinyanyua kwa urahisi zaidi, kwa kuwa halina uzito wa kuukandamiza. Kwa hiyo, yeyote utakayemchagua, anayetangulia kuhitajika ni mtu wa kuutazama udongo: mhandisi, na shimo la mita moja na nusu au mbili. Huenda akasema mfinyanzi hauendi mbali, hivyo msingi ushuke hadi chini yake. Huenda akasema uondolewe na mahali pake pajazwe moramu, udongo wa changarawe, inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka, au akataka jamvi zito la zege na nondo libebe nyumba nzima kama sinia. Kila jibu lina bei yake, na bei hiyo hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyekutajia.

Kuhusu mbunifu wa binti yako. Nyumba ilizunguka kwenye kompyuta na maua yameshapandwa, lakini sijaona mahali uliposema kwamba alifika kiwanjani akashika udongo. Mwulize hilo. Mwulize pia, kwa upole, namba yake ya usajili. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi nchini wanasajiliwa na bodi yao, AQRB, na vijana wengi wanaojua kuchora vizuri kwenye kompyuta hawamo kwenye orodha ile. Wengine ni wachoraji wazuri, sisemi ni matapeli, lakini ni vizuri ujue unamlipa nani, na kama michoro itakubaliwa halmashauri. Hatari ya njia hii ni mbili: kuchorewa nyumba kubwa kuliko mfuko wako, na kulipa michoro ambayo fundi ataikunja na kuitia mfukoni. Ile laki mbili "kila atakapokuja" nayo ina mlango wazi. Mnaweza kukubaliana safari chache zenye sababu: kabla zege la msingi halijamwagwa, kabla ya jamvi, nondo za renta zikiwa zimefungwa, na wakati wa kupaua. Zege likishamwagwa hakuna macho yanayoweza kuona nondo zilizo ndani.

Kampuni ya paneli nisingependa uikatae kwa sababu ya mlio tu. Teknolojia yenyewe si uzushi. Jirani zetu Kenya, shirika lao la nyumba la taifa lina kiwanda cha paneli za povu gumu huko Mavoko. Zipo za aina nyingi. Kuna zenye povu katikati na wavu wa waya pande zote mbili, ambazo zikisimamishwa hupigwa lipu ya saruji na hatimaye ukuta haulii kama kabati. Kuna zenye bati pande mbili. Kuna fremu za chuma chembamba zilizofunikwa mbao za saruji. Ya kwako ni ipi? Povu lenyewe likifikiwa na moto linaungua, hivyo kinacholifunika ni jambo la kuuliza. Uliza ukitaka kupigilia rafu unapigilia wapi, na bomba likivuja ndani ya ukuta baada ya miaka minane utampigia nani hapo Morogoro. Nyumba ya mfano huwa mpya daima. Omba wakupeleke kwa mteja waliyemjengea masika mawili au matatu yaliyopita, ukae naye kwenye kochi lake, bila ya mtu wa kampuni kuwepo.

Asilimia 70 kabla ya kuanza, Mwalimu, ni milioni 36 na laki nne. Sijui kampuni hiyo na siisemi vibaya; kiwanda kinahitaji fedha ya kununulia malighafi. Lakini ukishatoa kiasi hicho, nguvu yote ya makubaliano imehamia upande wao. Unaweza kuuliza kama watakubali kulipwa kwa hatua, na sehemu ndogo ya mwisho, mikataba mingi huweka asilimia 5 au 10, ibaki mkononi mwako kwa miezi ya matazamio baada ya kukabidhiwa. Jibu lao, na namna watakavyolitoa, litakufundisha kitu.

Ipo na njia ambayo hakuna aliyekuletea: mkandarasi mdogo aliyesajiliwa. Bodi ya makandarasi, CRB, ina madaraja hadi la saba, na wa daraja la chini wapo wanaojenga nyumba za watu wa kawaida. Atakuwa ghali kuliko kijana, ana faida yake ya kupata, ila ana leseni ya kupoteza.

Nije sasa kwa kijana wako, maana najua macho yako yanamtafuta yeye kwenye barua hii.

Anasema, "Wewe nunua vifaa tu." Ni maneno ya upendo, na mtu aliyejengea kaburi la baba yake mdogo bila kudai nauli ana maana anapoyasema. Lakini fikiri mbele kidogo. Kikosi chake kina watu sita wenye watoto. Wasipolipwa kwako wataenda kwa anayelipa, na nyumba yako itajengwa siku wasipokuwa na kazi nyingine. Nawe, ukiona tofali limewekwa vibaya, utapata wapi ujasiri wa kumwambia alibomoe wakati hujamlipa? Kazi ya bure ni ngumu kuikagua. Nimeona familia zinazopendana zikiacha kusalimiana kwa sababu ya jamvi lililopasuka, na mwanzoni hakuna aliyetaka kuandika kitu kwa sababu "sisi ni ndugu."

Karatasi ya makubaliano haina maana humwamini. Wewe umetunza daftari la mahudhurio miaka yote hiyo, na hukulitunza kwa kuwachukia watoto. Mnaweza kuandika analipwa kiasi gani kwa msingi, kiasi gani kwa boma hadi renta, kiasi gani kwa kupaua, na nani anakagua kabla hajalipwa. Tofali za inchi 6, mfuko mmoja wa saruji unatoa ngapi? Mwulize. Akikuambia 50, saruji hiyo ni chache, na afadhali mlijue hilo sasa. Mwulize zitamwagiliwa maji siku ngapi, zisipungue saba. Ni maswali ambayo fundi anayejiheshimu huyafurahia.

Ile kauli yake kwamba ramani anayo kichwani, naisikia kwa namna mbili. Inaweza kuwa kiburi. Inaweza pia kuwa aibu ya mtu ambaye shule haikumwendea vizuri na sasa analetewa karatasi na kijana wa umri wake mwenye ofisi. Wewe ni mwalimu, ungejua tofauti ukimtazama usoni. Je, anaweza kusoma mchoro? Kama hawezi, ni jambo la kufundishika, na mbunifu mwenye subira anaweza kukaa naye. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nao wana mpango wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Wanapimwa, wanaongezewa walichopungukiwa, wanapewa cheti. Huenda nyumba ya mama yake mdogo ikawa sababu ya yeye kukipata. Huenda pia asitake, na hilo nalo utalihesabu.

Ukiamua kumpa kazi chini ya mchoro wa mtu mwingine, kuna hatari wakagombana kiwanjani na wewe ukawa refa kila Jumamosi. Ukiamua kumpa msingi tu halafu kuta zikatoka kiwandani, kuna hatari kila upande ukaulaumu mwingine ufa ukitokea, kwa hiyo mpaka wa kazi zao uandikwe. Ukiamua kutompa kabisa, kuna maumivu, na pengine wifi atapiga simu tena. Hakuna njia hapa isiyo na gharama ya moyo. Ila nakuomba usimwachie kijana ajue sababu kutoka kwa watu wengine. Akisikia habari ya ile sarafu mtaani kabla hajaisikia kwako, hilo ndilo litakalomvunja.

Kuna swali moja zaidi ambalo sikuliona kwenye barua. Vyumba vinne ni vya nani? Watoto wanajitegemea. Watakuja sikukuu, watalala siku tatu, wataondoka, na vyumba vitabaki vikikusanya vumbi utakalolifagia wewe ukiwa na miaka 70. Labda unataka vyumba vinne kwa sababu ndivyo mlivyopanga na marehemu. Hiyo ni sababu ya kuheshimiwa kabisa, ila itaje kwa jina lake. Nyumba inaweza kuchorwa yote na kujengwa sehemu: chumba chako, sebule, jiko na choo vikamilike hadi rangi, na upande wa pili usubiri. Kwa tofali na fundi hilo linawezekana ikiwa msingi umepangwa hivyo tangu mwanzo. Kwa paneli uliza. Nawe baada ya kuhamia utakula nini? Pensheni ya mwezi ipo, lakini milioni 60 zote zikiingia ukutani, siku ukiugua utauza nini? Wastaafu wengi hawajiulizi hilo wakati mkupuo ungali moto mkononi.

Huna haja ya kuamua wiki hii. Una miezi minane, na shughuli ya hati itakula baadhi yake. Lakini shimo la kuupima udongo linaweza kuchimbwa hata Jumamosi hii, na linahitaji mtu mwenye jembe na sululu. Mwite kijana. Usimwambie nani atajenga nyumba, mwambie unataka kujua kiwanja cha baba yake mdogo kina nini chini. Chukua kiti chako cha plastiki, chai kwenye chupa, ukae pembeni akichimba. Akishafika kiunoni, udongo mweusi umejaa kando, mwambie ulikwenda kwa mwenzako akapachika sarafu kwenye ufa, ikasimama. Halafu mwache aseme. Ningependa sana uniandikie alichokisema.